Tunawanyima simu miaka minne, halafu tunawaachia siku moja

#1 – matroni wa zamu

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, sitanuna.

Mimi ni mwalimu wa sekondari ya bweni huku Tanzania Bara. Nafundisha Baiolojia, na juu yake nimebebeshwa umatroni. Kila Novemba, Kidato cha Nne wakimaliza mtihani wa Taifa, naona jambo lile lile pale getini. Mtoto ambaye kwa miaka minne akikutwa na simu anaitiwa mzazi na kurudishwa nyumbani, siku ya kuondoka anakabidhiwa boksi jipya la simu janja. Zawadi ya kumaliza. Kuanzia hapo hadi Julai anaporipoti Kidato cha Tano ni miezi saba na ushee. Hana kengele, hana prepo, hana mwalimu wa zamu. Ana bando.

Mijadala yetu ya teknolojia na elimu huwa na kambi mbili. Hawa wanasema vishikwambi vitaziokoa shule, wale wanasema simu zimeharibu watoto. Nimesoma nyuzi za kambi zote humu jamvini na sikuona mtu akiuliza swali ninalolala nalo: nani anamfundisha mtoto kukizima hicho kifaa? Kukiwasha anajua mwenyewe, hata wa chekechea anajua.

Na msidhani marufuku inafanya kazi kama ilivyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga. Nimewahi kukuta simu ndani ya mche wa sabuni. Binti alichimba katikati, akaitumbukiza ikiwa kwenye nailoni, akaziba kwa sabuni iliyolowekwa, akauanika mche juani mpaka ukaonekana mzima kabisa. Kilichonifanya nimshuku ni uzito, sabuni ya magadi haiwi nzito vile. Nikawaza, huyu akipewa karakana atafika mbali. Chaji wanaipata kwenye holda ya taa: balbu inatolewa, nyaya zinaungwa kwa meno, bweni zima lina magodoro ya sponji. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko hata kilichomo ndani ya simu.

Mwenye simu huikodisha. Anayelipa anapewa dakika zake chini ya blanketi saa saba usiku. Asubuhi kipindi cha kwanza namjua nani alikuwa zamu, macho yanamsaliti.

Ila tuseme ukweli wote. Vijana wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji kulala saa 8 hadi 10, hivyo ndivyo wanavyoshauri wataalamu wa usingizi. Ratiba ya shule niliyopo inazima taa saa 4 usiku na kengele inalia saa 10:30 alfajiri. Piga hesabu. Kabla simu haijaingia bwenini, sisi wenyewe tumeshamwibia mtoto saa moja na nusu, kwa jina la ufaulu. Halafu kikao cha walimu kinakaa kujadili kwa nini wanasinzia.

Karibuni. Nataka kusikia wazazi, na kama kuna wanafunzi humu msiogope, simjui mtu.

#2 – Kiazi Mbatata

Nimewahi siti ya mbele, na soda yangu. Huyo wa sabuni apelekwe chuo cha ufundi VETA haraka.

#3 – Baba Mapacha

Mwalimu umegusa penyewe, lakini usiishie bwenini, njoo na huku kwetu kutwa.

Wanangu wako darasa la tatu, shule binafsi, Dar. Gari la shule linapita saa 11 alfajiri kwa sababu dereva anazunguka mitaa yote kuokota watoto. Wanarudi jioni hiyo hiyo saa 11. Wanaoga, wanakula, na hapo ndipo grupu la darasa linaamka. Saa 2 usiku mwalimu anatupia picha ya ukurasa, imepigwa mshazari, nusu ina kivuli cha kidole. "Wazazi naomba watoto wafanye namba 1 hadi 20, wapige picha watume." Watoto wawili, simu moja, ya mama yao. Mmoja anakopi maswali, mwingine anasubiri. Anayesubiri hasubiri bure, anaparaza kidole kidogo tu, anafika kwenye video. Ukishtuka saa 3:30 namba ya tano haijaisha na tayari wanagombana.

Halafu kuna wazazi wenye kazi hiyo. Saa 2:10 wameshatuma picha majibu yote yamepatiwa, mwandiko wa mtu mzima, na mwalimu anajibu na makofi matatu. Wewe mwenye mtoto anayefanya mwenyewe unaonekana mzembe.

Nilimwandikia mwalimu inbox kwa adabu zote, kwamba maswali angeyaandika ubaoni mchana wakayanakili kwenye madaftari. Akaniambia uongozi unataka shule ionekane ya kidijitali. Basi nikanyamaza. Mtoto wa miaka minane anaamka na mwadhini, analala saa 4, kucheza kwake ni Jumapili mchana. Hicho ndicho kidijitali?

#4 – Fundi Rangi

Suluhisho lipo wazi wakuu, ni kurudi kwenye vitabu. Wazungu waliotuletea haya mambo wameshashtuka. Ufaransa ilipitisha sheria tangu 2018, simu marufuku shule za msingi na sekondari za chini. Sweden waliokuwa wanafundishia kwenye skrini mpaka chekechea, 2023 serikali imetenga mamilioni ya krona kununua vitabu vya karatasi. Sisi ndio kwanza tunagawa vishikwambi. Siku zote tunavaa nguo wenzetu wakishazivua.

#5 – matroni wa zamu

Baba Mapacha, hiyo ya makofi matatu imenichekesha na kuniuma. Nitarudi kwako.

Fundi Rangi, mifano yako ni ya kweli, na kweli Sweden walitenga krona milioni 685 mwaka ule. Lakini Sweden wanarudi kwenye vitabu kwa sababu walikuwa navyo, wakaviacha. Mimi nina darasa ambalo kitabu kimoja cha Baiolojia wanakaa watano, na wa pembeni anasoma maandishi yakiwa kichwa chini. Kwa shule kama hiyo maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, yenye vitabu vya kiada vya bure, si anasa. Vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya Agosti 2022 vilipogawiwa kwa walimu, watu walicheka. Mimi changu nakitumia kila wiki. Nafungua picha ya moyo, nautenga chemba kwa chemba, na darasa zima linanyamaza lenyewe bila mimi kupiga meza.

Halafu kuna mfano wa hapa hapa nyumbani ambao hatuutaji. Kuanzia Desemba 2017 hadi Machi 2019, mkoa wa Tanga ulikuwa uwanja wa majaribio ya shindano la Global Learning XPRIZE. Karibu watoto 3,000 katika vijiji kama 170 walipewa vishikwambi vilivyotolewa na Google, vikiwa na programu za kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Fedha za zawadi alitoa Elon Musk. UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na serikali yetu walishiriki. Kwa takwimu za waandaaji, watoto 74 katika kila 100 hawakuwahi kukanyaga shule, na zaidi ya 90 katika 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Miezi 15 baadaye idadi ya wasioweza kusoma ilikuwa imeshuka kwa nusu. Mei 2019 wakatangazwa washindi wawili, onebillion na Kitkit School, wakagawana dola milioni 10.

Sasa ona vile vishikwambi vilivyokuwa. Vilichajiwa kwa umeme wa jua palepale kijijini. Programu hazikuhitaji intaneti. Mtoto akimaliza somo hakuna video inayojileta yenyewe, hakuna kengele ya mtu aliyependa picha yako, hakuna tangazo la kubeti. Kuna herufi, namba na hadithi, basi. Akichoka anakiweka chini anakwenda kuchunga mbuzi au kucheza, kwa sababu kile kifaa hakikuundwa kumng'ang'ania. Simu ya mama yake na hawa mapacha imeundwa na watu wanaolipwa vizuri ili isiwekwe chini. Tukisema "teknolojia kwenye elimu" tunaviweka hivi viwili kapu moja, ndiyo maana tunabishana mpaka kesho.

Na nusu ya pili ya matokeo ya Tanga msiiruke. Wapo waliokaa na kifaa miezi yote ile na hawakujua kusoma. Hao wanamhitaji mtu wa kuwashika mkono.

#6 – Mlezi254

Salamu kutoka Nakuru. Huku kwetu hadithi ni ileile, tofauti ni jina tu. Mwaka 2013 tuliahidiwa laptop kwa kila mtoto wa darasa la kwanza, zikageuka tableti, zikaanza kufika shuleni 2016. Kwenye shule alikosoma kijana wangu zilikaa ndani ya stoo yenye mlango wa chuma, kwa sababu mwalimu mkuu aliogopa ziibiwe halafu aulizwe yeye. Watoto walikuwa wanazitoa siku wageni wakija.

Halafu ukaja mtaala wa umahiri, CBC. Wazo si baya, mimi naupenda, mtoto anatengeneza vitu kwa mikono. Lakini jioni unaambiwa kesho aje na picha za wanyama watano wa porini, za rangi. Basi ni mbio hadi cyber kabla hawajafunga, unaprinti simba na twiga, unalipa, unabandika wewe mwenyewe mtoto akiwa amelala kwenye kochi. Mwalimu atampa alama. Alama za nani sasa? Ningeambiwa amchore simba kwa penseli, hata akitoka kama mbwa, ningeelewa mtoto amekua kidogo.

Ninyi mlio Tanzania ombeni walimu wenu waandike ubaoni, kama alivyosema Baba Mapacha. Huyo baba ana akili.

#7 – njiti moja

Shikamoo Madam. Umesema wanafunzi tusiogope, basi naandika.

Nilimaliza Form Four 2023, bweni pia, shule ya wavulana. Sikuwahi kumiliki simu kabla ya hapo. Brother akaninunulia Desemba. Laini ikasajiliwa kwa NIDA yake, kwa sababu mimi nilikuwa na miaka 17 na kitambulisho sina. Wiki ya kwanza nilikuwa mtu mwema: nilipakua past papers, nikajiunga na grupu la pre-form five, nikaangalia video za fizikia. Nilikuwa najisikia msomi.

Kubeti nilianza kwa kuangalia rafiki zangu. Sheria inasema lazima uwe na miaka 18, lakini kampuni inaona laini ya brother, na brother ana miaka 29, kwa hiyo kwao mimi ni mtu mzima mwenye kazi. Mwanzoni nilishinda. Ningekuwa nimepoteza siku ya kwanza ningeacha, Madam, nakuapia. Matokeo ya NECTA yalipotoka Januari nilikuwa na deni kwa watu watatu mtaani, na nilikuwa nimeshajua namna ya kukopa kwenye simu kwa jina la brother.

Sikuwa mtundu. Nilikuwa kiranja wa taaluma. Tatizo ni kwamba kwa miaka minne kila kitu nilikuwa naamuliwa, saa ya kula, saa ya kusoma, saa ya kulala. Nilikuwa najiona nina nidhamu kumbe nidhamu ilikuwa ya kengele. Hakuna siku mtu aliniambia: hii hapa simu, una saa mbili, nionyeshe umeitumiaje.

Sasa niko Form Six, naendelea vizuri. Brother alilipa. Hatujalizungumza mpaka leo, lakini alilipa.

#8 – Kiazi Mbatata

Soda imenishinda kunywa. Dogo umeandika kitu.

#9 – matroni wa zamu

Marahaba mwanangu njiti moja. Asante sana. Mengine yote niliyoandika ungeweza kuyasema wewe kwa ile sentensi ya nidhamu ya kengele, na nitaipeleka kwenye kikao cha walimu bila kutaja ilikotoka.

Niwaambie tulichojaribu shuleni, si kwamba tumefaulu. Muhula wa mwisho wa Kidato cha Nne, Jumamosi baada ya usafi, tunafungua chumba cha kompyuta kwa saa mbili. Mkuu wa shule aliogopa wazazi watasema tunaleta simu kwa mlango wa nyuma, kwa hiyo tulianza na mashine za shule na simu yangu moja. Hatufundishi kuchapa. Tunakaa na mambo kama haya: ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unautambuaje, tahasusi zako za Kidato cha Tano unazibadilishaje mwenyewe kwenye Selform, mfumo wa mtandaoni wa serikali, bila kumlipa mtu wa steshenari, matangazo yanayolia kila dakika yanazimwa wapi. Na zoezi moja wanalolichukia. Kila mmoja anaandika kwenye karatasi anachokwenda kutafuta kabla ya kugusa kibodi, na akikipata anasimama anatoka nje. Anayebaki anaeleza mbele ya wenzake nini kimembakiza. Mwanzoni karibu wote walibaki. Mmoja aliingia kutafuta mzunguko wa naitrojeni, akaishia kwenye harusi ya msanii. Tulicheka sana, na yeye mwenyewe hakuweza kueleza alifikaje huko. Nadhani kicheko kile kilifundisha kuliko hotuba zangu zote za mstarini.

Wapo wanaoona ni upuuzi, wanakuja kwa ajili ya feni. Sawa.

Kwa Baba Mapacha na Mlezi254: mtoto wa msingi hana sababu ya kuigusa simu ili afanye kazi ya darasani. Naliandika hili kama mwalimu. Maswali ishirini ya kuzidisha yanaenea kwenye ubao. Nendeni kwenye kikao cha wazazi, si inbox, na muende wengi. Ombeni mambo mawili tu: kazi zote ziandikwe daftarini mchana, na grupu lifungwe saa 12 jioni, libaki la matangazo. Uongozi unaotaka kuonekana wa kidijitali unaogopa kitu kimoja, mzazi kuhamisha mtoto.

#10 – Fundi Rangi

Nimekuelewa kwenye Tanga, nakubali. Ila swali. Mwanangu yuko Kidato cha Pili, kutwa. Siku hizi insha zake za Kiingereza zimenyooka ajabu, mwalimu anamsifu, mimi nina wasiwasi ni ChatGPT. Nimpokonye?

#11 – matroni wa zamu

Ukimpokonya ataazima ya jirani. Mwite jioni, mwambie akusimulie ile insha kwa mdomo, kwa Kiswahili, huku daftari umelishika wewe. Kama kaiandika atakuambia kwa nini aya ya pili inatangulia ya tatu. Kama hakuiandika atatafuta maji ya kunywa. Usimgombeze. Mwambie aiandike upya kwa kalamu, mbovu mbovu hivyo hivyo, halafu ndipo aiulize mashine wapi kakosea. Mtihani wa Taifa bado ni kalamu na karatasi na msimamizi mlangoni, mkono usiozoea kuandika utamwangusha pale. Na mwalimu wake akiona alama zimeshuka, mwambie wewe ndiye uliyeshusha.

#12 – Baba Mapacha

Mimi nimebaki kwa huyu dogo njiti moja. Hiyo ya laini imenitia baridi. Nina mdogo wangu na vijana wawili wa shemeji, wote hawana NIDA, wote laini zao alama za vidole ni zangu. Hata sijui nimesajili ngapi. Mtu anaangaliaje?

#13 – matroni wa zamu

Piga *106#, fuata maelekezo, utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua nenda nayo kwenye duka la mtandao husika ikafutwe. Na zile unazozitambua kaa na wenye nazo, mmoja mmoja, sio kwa ukali. Waambie wazi kwamba mkopo au dau likiwekwa kwenye laini hiyo, aliyelifanya kisheria ni wewe. Mtoto wa miaka 16 hilo analielewa vizuri akielezwa, ila haelezwi.

#14 – Baba Mapacha

Nimepiga. Ziko sita. Ninazozijua ni nne.

#15 – Kiazi Mbatata

Wakuu ngoja na mimi nipige, narudi.